Mafuta ya Kondoo Nyumbani kwa Kokila

Ungekutana na Kokila asubuhi ya Januari kule Neasden, London, ungedhani ni marobota matatu ya nguo yaliyoamua kutembea yenyewe. Chini kabisa alivaa suruali ya sufu ya marehemu mumewe, juu yake sari, juu ya sari sweta mbili, juu ya sweta shali, na juu ya vyote koti la mvua lisilofungika tena. Miguuni alivaa soksi ndefu za kuchezea mpira alizoachiwa na mjukuu. Ndani ya mzigo huo kulikuwa na kibibi cha miaka themanini na kitu, chembamba kama ufito, kinakwenda hekaluni kwa sala ya asubuhi.

Barabara ikiganda, vijana wenye viatu vya bei walianguka wakaokota simu zao vipande vipande. Kokila hakuanguka. Alikanyaga kwa unyayo mzima kama bata, magoti amelegeza, mikono nje ya mifuko.

"Wewe Makena, hapana tembea kama mwizi," alimwambia mpangaji wake aliyekuwa akijishikiza kwenye ua wa watu. "Barafu naona mtu ya woga, naangusha yeye."

Makena alicheka, ingawa hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Wala hakuwa mtu wa kusifu watu ovyo. Aliyewahi kusifu sana akalipwa mateke hujifunza kuziweka sifa zake akiba.

Alizaliwa Timau, chini ya Mlima Kenya, pahali pa ngano na kondoo, ambapo asubuhi nyasi huamka zimeota mvi za barafu. Mama yake alifua nguo nyumbani kwa Mhindi mwenye duka, na Makena shule aliiona mlangoni tu. Allan alimwoa akamleta London, kisha akasema kwamba yeye atasoma kwanza, halafu zamu ya mkewe itafika. Makena akasafisha ofisi za watu kabla jua halijatoka, akasafisha nyingine likishatua, Allan akasoma. Alipomaliza alimwambia mkewe kwamba siku hizi hawaelewani tena, hawana la kuzungumza. Wa kuzungumza naye alikuwa amekwisha kumpata, nesi mwenye gari. Mwanamume ukimpandisha juu kwa mabega yako, akishafika huyatazama yale mabega akaona yana vumbi.

Hivyo ndivyo Makena, mwanamke wa makamo, alivyofika Neasden na sanduku moja, akapata chumba cha juu kwa Kokila kupitia mwenzake wa kazini aliyesali hekalu lile. Mlango ulipofunguliwa, akiona sari na kusikia harufu ya bizari iliyokaangwa, ulimi wake ulimtoroka ukarudi utotoni, kwa mke wa yule mwenye duka.

"Shikamoo, memsaab."

Kokila alimtazama juu mpaka chini. "Nani memsaab? Memsaab alikuwa mama-mkwe yangu, kule Nyahururu, Kenya, na yeye alikufa na ukali yake. Mimi ni mama. Wewe ni mpangaji. Ingia, funga mlango, baridi naingia bila kulipa."

Masharti yalikuwa machache. Jikoni isiingie nyama, wala samaki, wala yai. Mlango wa mbele usiachwe wazi. Na la tatu Makena aliambiwa siku iliyofuata, na si Kokila aliyelisema bali Poonam, binti yake aliyeishi mji wa Leicester, aliyekuja na gari kumkagua mpangaji.

Poonam alizungumza Kiingereza. Kiswahili alikisikia lakini kinywani hakikumkaa. Alimwambia Makena kwa upole kabisa kwamba mama yake hana tena umri wa kukaa peke yake katika nyumba ile ya zamani. Chumba kilikuwa tayari Leicester. Yeye na mama yake walikuwa wamekubaliana hivi: baridi ikimwangusha mama kitandani mara moja tu, siku hiyo hiyo anachukuliwa, na nyumba inafungwa. "Kwa hiyo ukimwona mgonjwa unipigie," alisema.

Makena alielewa. Kikohozi kimoja cha yule bibi, naye angekuwa barabarani na sanduku lake.

Basi alianza kumchunga Kokila kwa ajili ya chumba. Tusimpambe kwa nia ambayo hakuwa nayo. Lakini ukimchunga mtu kwa karibu unamwona, na alichokiona kilimshinda.

Kokila hakupasha nyumba moto. Alijipasha mwenyewe. Asubuhi alipika chapati za kupeleka hekaluni, rundo zima, naye aliukanda unga kwa mikono miwili mpaka mashavu yakawa mekundu na sweta moja ikavuliwa. "Hita yangu ni hii," alisema, akiupiga unga kofi. Jua la London, lile linalotokea kwa haya kama bibi harusi na kurudi ndani, alilifuata na kiti chake kutoka chumba hadi chumba. Saa ya chai alikuwa jikoni, mchana sebuleni, na likienda kutua utamkuta amekaa kwenye ngazi, penye kidirisha kidogo, anachambua dengu. Chini ya godoro alitandika magazeti. Mapazia yalifungwa kabla giza halijaingia, si baada yake. Kila mlango ulikuwa na nyoka wa kitambaa aliyejazwa mchele mbovu, amelazwa chini kuzuia upepo. Na kila msimu huo alitengeneza vipande vigumu vya sukari nguru, samli, tangawizi na mbegu za ajwani, vinavyowaka kifuani kama ugomvi.

"Nani alikufundisha haya yote, mama?" Makena aliuliza siku moja.

"Nyahururu. Wewe nafikiri baridi ilizaliwa Ulaya? Duka yetu ilikuwa ya mabati. Asubuhi mimi navunja barafu juu ya maji ya ng'ombe na kijiko ya mbao. Mama-mkwe nalala, mimi navunja."

"Sisi Timau tulivunja kwa kisigino."

"Hapo sasa!" Kokila alifurahi kama aliyepata ndugu. "Kisigino nzuri zaidi."

Kazini Stratford, ambako Makena alipiga deki maduka makubwa, mwenzake Tatiana alikuwa ametoka upande wa Urusi ambako mto huganda mpaka malori yakapita juu yake. Makena alimsimulia habari za Kokila na vipande vyake vya sukari, akidhani huyo ataicheka baridi ya London. Tatiana hakucheka.

"Kwetu baridi ni dubu," alisema. "Yuko nje, unamjua, unafunga mlango, unakaa ndani na fulana. Hapa baridi ni panya. Mnaishi naye humo humo. Mimi nilianza kuugua kifua nilipofika hapa."

"Na kwetu ni mgeni wa usiku," Makena akasema. "Jua likitoka anaaga."

"Basi bibi yako huyo amewashinda wote watatu," Tatiana alisema. "Mwambie aniuzie hizo sukari zake."

Hivyo mambo yalikwenda hadi wiki ile ambayo theluji ilianguka, ikaganda, ikaanguka tena juu ya iliyoganda. Boila ikakohoa, ikatoa maji sakafuni na kufa. Hata mtu asiyependa hita huhitaji boila, kwa kuwa ndiyo inayoleta maji ya moto bombani na kuzuia kuta zisitoke jasho. Makena aliwapigia mafundi. Aliwekewa muziki. Akapiga tena kesho yake, akawekewa muziki ule ule, kisha msichana akamwambia kwamba kuna foleni, wazee wanapewa kipaumbele. "Na huyu ni nini, kifaranga?" Makena alifoka, lakini simu ilikuwa imekatika. Kiingereza chake kilikuwa cha ndoo na deki, na watu wa simu wanaijua sauti ya kusubirishwa.

"Nimpigie Poonam awapigie yeye?"

"Wewe piga Poonam, mimi natoza wewe kodi mara mbili," Kokila alisema. "Yeye nakuja na gari siku hiyo. Mimi najua yeye. Tutakaa jikoni. Miguu mbili, miguu mbili, jumla nne. Tunatosha."

Wakahamia jikoni. Wakachemsha maji kwa sufuria, wakajaza chupa za mpira za kulalia. Siku za kwanza zilipita. Lakini mchana mmoja Makena alirudi kutoka kazini akamkuta Kokila amelala kwenye kiti, shali imeanguka, miguu imetoka kwenye soksi. Ile miguu ilikuwa ya buluu. Akaigusa, ikawa kama kushika chupa iliyotoka frijini. Mdomo wa bibi ulikuwa ukitetemeka usingizini.

Makena aliingiwa na hofu, na mtu mwenye hofu hurudi kwa mama yake. Timau, mtoto akishikwa na baridi, hakuna anayeuliza cha kufanya. Kinatolewa kibuyu cha mafuta ya kondoo, yanayeyushwa motoni kidogo, anapakwa nyayo, kifua na mgongo, anafungwa blanketi. Hakuna baridi inayopita hapo. Makena alikuwa na chupa yake chumbani, aliyoletewa na mwanamke wa kanisani aliyetoka likizo, na kila usiku alijipaka mwenyewe. Hakuileta jikoni siku zote hizo kwa sababu ya sharti. Lakini sharti lilisema nyama, samaki, yai. Mafuta ya kupaka hayakuwa chakula. Hivyo ndivyo alivyojiambia akishuka ngazi mbili mbili.

Akaipasha chupa katika maji ya moto. Akapiga magoti, akaichukua miguu ile mapajani pake, akaisugua. Alisugua nyayo, akasugua visigino, akapanda hadi kwenye vigimbi. Rangi ilianza kurudi. Kokila akahema vizuri, hata akatabasamu usingizini. Kisha pua yake ikafanya kazi.

Akafungua macho.

"Hii nini?"

"Mafuta tu, mama. Miguu ilikuwa imeganda."

"Mafuta ya nini?"

Makena angeweza kudanganya. Aliwahi kuishi na mwongo miaka mingi, na jambo moja alilokuwa ameapa ni kutofanana naye.

"Ya kondoo."

Kokila hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliitazama miguu yake inavyong'aa, akaitoa taratibu kwenye mapaja ya Makena kama mtu anayetoa kitu chake kwenye mikono ya mwizi. Tangu azaliwe hakuna mnyama aliyekufa kwa ajili ya mwili wake. Hakula, hakuvaa ngozi, hata viatu vyake vilikuwa vya mpira. Sasa kondoo mzima alikuwa miguuni pake.

"Mimi nakwenda kuoga," alisema.

"Mama, maji ni baridi! Bomba zimebaki kuganda tu! Ngoja nichemshe."

"Na haya mafuta nangoja pia?"

Akapanda ngazi. Makena alimfuata akimsihi, mama tafadhali, mama nipige lakini usioge, mlango ukafungwa usoni pake. Akasikia bomba. Akasikia maji yakimwagwa, na kati ya kopo na kopo sauti ya Kokila ikitamka jina la Mungu wake, kwa nguvu, kama mtu anayehesabiwa viboko na kukataa kulia.

Makena alitelemka mbio. Aliwasha meko yote manne, akatia sufuria, birika, karai, hata chombo cha kupikia wali, akabeba maji ya moto juu, akagonga mlango. Ukafunguka kidogo, mkono mwembamba ukachukua karai, ukafungwa. Akaleta jingine. Ngazi zililowa. Mara ya mwisho mlango ulifunguka wote, Kokila akatoka katika sari nyeupe, nywele zinadondoka maji, meno yanagongana, kichwa ameinua juu kama malkia aliyenyeshewa.

Hapo ndipo Makena alipojua kwamba ameacha kumchunga kwa ajili ya chumba. Watu wangapi aliowajua walikuwa na kitu wasichokiuza hata kwa kufa baridi? Allan aliuza ndoa yake kwa gari la nesi.

Kokila hakusema naye siku mbili. Alipita jikoni kama vile hamna mtu. Lakini kila asubuhi nje ya mlango wa Makena kulikuwa na kikombe cha chai ya tangawizi kimefunikwa kisahani, bado kinatoa mvuke. Siku ya tatu hakikuwa kikombe. Alikuwa Kokila mwenyewe, ameshika chupa ya mafuta ya simsim yaliyochemshwa na ajwani.

"Kama wewe napenda miguu yangu sana," alisema, "paka hii. Na ile mnyama yako kaa nayo chumbani, paka miguu yako mwenyewe. Mungu ya wewe naruhusu. Ya mimi hapana."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nishasamehe jana. Leo mgongo nauma tu."

Makena akampaka. Na hapo, chini ya viganja vyake, akakisikia kifua kikikwaruza. Kikohozi kilikuwa kimeingia.

Kilikuwa kidogo, lakini kilisikika hadi Leicester. Poonam alipiga simu jioni ile, Kokila akasema haloo, akakohoa, akasema ni pilipili. Poonam hakuuliza ni pilipili gani. Kesho yake gari jekundu lilikuwa mlangoni.

Makena alimfungulia. Alikuwa amekwisha kujipanga: akiulizwa, atasema kweli, na akifukuzwa, ataondoka kwa miguu yake. Poonam aliingia akiwa na koti fupi la kupendeza na viatu vyembamba, akatoa pumzi, akaiona pumzi yake mwenyewe ikielea sebuleni.

"Boila imekufa lini?" aliuliza kwa Kiingereza. "Na wewe ulikuwa unangoja nini kunipigia?"

"Mimi nilikataza yeye," Kokila alijibu kutoka kwenye kiti chake penye jua.

"Na kikohozi kimetoka wapi, Mummy?"

Makena alishika ukingo wa meza. Neno moja lingetosha. Mpangaji wako amenipaka kondoo. Poonam, aliyelelewa katika mila ile ile, asingemaliza kikombe cha chai kabla hajamtoa nje.

"Nilioga kichwa wakati mbaya," Kokila alisema. "Kosa yangu. Wewe pia ulipokuwa ndogo ulifanya hivyo, nani alifunga wewe Leicester?"

Halafu akaendelea kuchambua dengu.

Poonam alisema watakwenda kesho asubuhi. Kokila alisema vizuri, lakini kwanza alale hapa apaone vizuri mahali anapomtoa mama yake. Poonam akatandikiwa chumba chake cha utotoni. Alikataa magazeti chini ya godoro. Alisema yananuka wino. Alikataa chupa ya maji ya moto, akasema si mtoto. Alikataa pia soksi za mjukuu.

Asubuhi Kokila na Makena walirudi kutoka hekaluni, mmoja anakohoa kidogo, mwingine amemshika mkono, wote wawili mashavu mekundu. Walimkuta Poonam jikoni amevaa koti, blanketi, na pazia alilolivua dirishani. Pua ilikuwa ikichuruzika. Aliongea, lakini sauti haikutoka, ilikuwa imekaukia kooni.

"Eeh," Kokila alisema kwa utulivu. "Nani mgonjwa hapa, sasa?"

"Mummy, mimi si..." Poonam alipiga chafya kwa nguvu hadi pazia likaanguka.

Makena alitazama sinki asicheke. Kokila hakujizuia. Alicheka akakohoa, akakohoa akacheka, kisha akamwekea bintiye bakuli la unga mbele.

"Kanda."

"Mummy, nina homa!"

"Kanda. Hiyo ndiyo hita. Makena, angalia yeye, kama naacha piga mkono."

Poonam akakanda. Mwanzoni kwa hasira, baadaye kwa sababu vidole vilikuwa vimeanza kurudi. Baada ya muda aliliacha blanketi lidondoke mwenyewe. Makena alimpa kipande cha sukari nguru, akakitafuna, machozi yakamtoka kwa tangawizi. Akamtazama mama yake, aliyekuwa tayari amehamisha kiti kwenda dirisha la mashariki, kwa macho ambayo Makena aliyajua. Yalikuwa macho yake Makena ya wiki iliyopita, Kokila alipotoka kuoga.

Halafu Poonam alichukua simu. Kwa sauti iliyokwaruza kama jongoo kwenye bati alizungumza na mafundi. Hakuwekewa muziki. Sauti ya mtu aliyesoma, hata ikiwa imekauka, ina funguo zake. Makena aliliona hilo na likamwuma, kwani na yeye aliwahi kuahidiwa zamu ya kusoma. Lakini fundi alifika kabla ya chakula cha mchana, na boila ikanguruma.

Saa ya kuondoka Poonam alisimama mlangoni na mkoba mmoja tu, ule aliokuja nao.

"Akikohoa tena utanipigia?" alimwuliza Makena.

"Akiwa mgonjwa nitakupigia," Makena alisema. "Akiwa anasikia baridi tu, hapana. Baridi anaijua kuliko sisi."

Poonam alifikiri. Kisha akafanya jambo ambalo hata Kokila hakulitarajia: aliukumbatia mzigo ule wa sweta na shali, muda mrefu, akamwinamia pia Makena kidogo kwa kichwa, akaenda kwenye gari lake. Liliteleza kwenye barafu mara mbili kabla halijashika barabara.

Makena alipanda chumbani. Sanduku lilikuwa juu ya kitanda, limefungwa tangu jana gari jekundu lilipotokea. Alilifungua, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzitundika. Kokila aliingia bila kubisha hodi, kama mwenye nyumba, akaliona sanduku.

"Wewe nakwenda wapi?"

"Siendi popote, mama. Napanga nguo."

Kokila alitazama sanduku, akamtazama yeye. Alilifunga mwenyewe, likiwa tupu, akalisukuma kwa mguu chini ya kitanda.

"Panga haraka basi," alisema. "Unga ya kesho nangoja, na Poonam amemaliza sukari yote."